Anayeuliza Suali Lililokwisha Kujibiwa: Funzo kutoka Kagera

Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba wake.

Ndugu zangu katika imani, mkoa wa Kagera umepigwa na maradhi ya Marburg mara mbili katika muda wa miaka miwili. Mara ya kwanza yalitangazwa tarehe 21 Machi 2023, baada ya watu wa kata za Maruku na Kanyangereko, Bukoba Vijijini, kuugua na kufariki. Walihesabiwa wagonjwa tisa, na sita kati yao walikufa. Mara ya pili ilikuwa wilaya ya Biharamulo. Rais Samia Suluhu Hassan aliyatangaza tarehe 20 Januari 2025, na wagonjwa kumi waliohesabiwa wote walifariki. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Madaktari wameshayaeleza maradhi yenyewe. Mimi nataka tuliangalie jambo moja ambalo kila msiba wa aina hii hulileta mbele yetu: vipi tunamjibu mtu anayeuliza lile lililokwisha kuulizwa na kujibiwa mara nyingi.

Mchukulie mkaazi wa Kitendaguro, kata iliyomo ndani ya Manispaa ya Bukoba. Siku ya kwanza ya tangazo anasikia redioni kwamba maradhi yako upande wa vijijini, na yeye anaendelea na shughuli zake. Wiki mbili baadaye anafiwa na jamaa. Sasa ndiyo anauliza: Maradhi haya huambukizaje? Naruhusika kwenda mazikoni? Maiti wetu ataoshwa na nani? Mwenye kujibu, akiwa ni daktari, mjumbe wa mtaa au imamu, ameshayasikia masuali haya mpaka yamemchosha. Humtoka neno: "Si tumeshasema?"

Hapo ndipo tunapokosea. Suali limezeeka kwa anayejibu tu. Kwa anayeuliza limezaliwa leo, kwa sababu haja yake imezaliwa leo. Tangazo la mwanzo lilimpita kwa kuwa halikumgusa, na hiyo ni tabia ya binadamu, si ukaidi.

Tena, mara nyengine mtu hurudia suali kwa sababu jawabu limebadilika. Katikati ya Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa kuna wagonjwa wanaoshukiwa huko Biharamulo. Wizara ya Afya ikajibu kuwa sampuli zilizopimwa hazikuonesha Marburg. Siku chache baadaye vipimo zaidi vikathibitisha kuwa maradhi yapo. Aliyeuliza "yapo au hayapo?" Jumatano, kisha akauliza tena Jumatatu iliyofuata, alikuwa na haki kamili.

Na suali linalofukuzwa halifi. Huenda kutafuta jawabu kwengine. Kagera inalijua hilo vizuri. Wagonjwa wa mwanzo wa Ukimwi waliotambuliwa Tanzania walitoka mkoa huo, mwaka 1983. Kabla watu hawajapata maelezo, waliyapa maradhi jina la Juliana, kwa jina la kitambaa kilichokuwa kikiletwa na wafanyabiashara wa magendo. Wengine walidhani ni uchawi. Penye uwazi ulioachwa na mjuzi, mzushi hupiga hema.

Sasa tuyatazame masuali matatu yanayorudi, ili ionekane kuwa jawabu la utulivu si refu.

La kwanza: kwa nini husubiriwa siku 42 kabla ya kutangazwa kuwa maradhi yamekwisha? Kwa sababu mtu aliyeambukizwa Marburg huweza kukaa hadi siku 21 bila ya dalili. Huhesabiwa muda huo mara mbili, ili kujiridhisha kuwa hakuna aliyesalia.

La pili: nani atamuosha maiti? Maradhi haya huambukiza kwa kugusa damu na majimaji ya mgonjwa, na mwili wa maiti huwa hatari zaidi. Kuosha, kukafini, kusalia na kuzika ni faradhi ya kutoshelezana. Lakini kuosha kukihofiwa kuleta madhara, wanachuoni wamesema hutayamamishwa. Hata hilo likiwa haliwezekani, huzikwa kama alivyo, kwani dini yetu haimkalifishi mtu asiloliweza. Familia isione kuwa imemtupa maiti wake.

La tatu: si tumefundishwa kuwa anayekufa kwa tauni ni shahidi, na shahidi haoshwi? Asiyeoshwa ni shahidi wa vita. Huyu ni shahidi kwa malipo ya akhera, na asili yake huoshwa kama maiti wengine. Kinachozuia hapa ni madhara, si ushahidi wake.

Tukirudi kwa Mtume (s.a.w.), katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kuwa mtu mmoja alimuomba wasia, naye akamuusia asikasirike. Yule mtu akarudia ombi lake mara kadhaa. Kila mara Mtume alimpa jawabu lilelile, bila ya kumkemea. Na katika Suratu Dh-Dhuha, aya ya 10, tumekatazwa kumkaripia mwenye kuomba. Wapo wafasiri waliosema kuwa anaingia humo na mwenye kuomba elimu.

Atasema msomaji: je, Suratul Maida aya ya 101 haikukataza kuuliza-uliza? Ndiyo, kuna masuali yaliyokatazwa: ya ubishi, ya kutafuta uzito ambao sharia haikuuweka. Mbishi hanyamazishwi kwa kubishana naye. Mwenye wasiwasi naye hutulizwa kwa upole. Lakini mgeni wa jambo si mmoja wa hao wawili. Tusimhukumu kwa makosa yao.

Na sisi wa visiwani tunao mfano wetu. Novemba 2021 watu saba walifariki Pemba baada ya kula nyama ya kasa. Machi 2024, Kisiwa Panza, wakafariki watu tisa, wanane kati yao watoto. Tahadhari ilikuwa imeshatolewa. Lakini kila mwaka kuna mtoto anayefikia umri wa kula kinachowekwa sahani moja na wakubwa, na kuna mke mgeni katika nyumba ya wavuvi. Hao hawakuwepo tulipotahadharisha.

Kwa hivyo nawausia maimamu, walimu wa madrasa na wazee wa nyumba mambo machache. Jibu linalorudi liandikwe, lisomwe baada ya sala na libandikwe msikitini. Kabla ya kumjibu mtu, muulize kilichomfika, kwani suali moja huulizwa kwa haja mbalimbali. Usilolijua sema hujui, kisha mpeleke kwa anayelijua. Na aliyechoka kujibu ampishe mwenzake, kuliko kumjibu mfiwa kwa ukali.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awalinde ndugu zetu wa Kagera na visiwa vyetu, na atupe subira ya kufundisha kama aliyotupa ya kujifunza. Amin.

Wallahu a'lam.