Mwenye Nguvu Ndiye Apishe

Kila alfajiri, kabla jua halijachomoza, watu huondoka Ntalikwa na vijiji vya jirani, wakielekea Tabora mjini kwa baiskeli. Mmoja amefunga magunia mawili ya mkaa juu ya keria. Wa pili amebeba madumu ya maziwa. Wa tatu ni mwashi, mwiko na timazi vimo katika mfuko ulioning'inia usukanini. Wa nne ni kijana anayewahi shule. Watu hawa hawaendi matembezini. Kwao baiskeli ndiyo lori, ndiyo basi, na siku ya dhiki ndiyo gari la mgonjwa. Na nyuma yao, katika barabara hiyo hiyo, huja malori, mabasi, magari madogo na pikipiki, kila kimoja na haraka yake.

Swali tunalotaka kulijadili leo ni hili: je, mpanda baiskeli na mwenye gari waweza kuitumia barabara moja kwa haki? Sisi twajibu kwamba waweza. Lakini twaongeza neno ambalo wengine hawatapenda kulisikia. Haki ya barabarani si kugawa lawama nusu kwa nusu. Mwenye uwezo mkubwa zaidi wa kudhuru ndiye mwenye wajibu mkubwa zaidi wa kujihadhari.

Swali la nani ampishe nani si geni katika nchi ya Unyamwezi. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, mji huu ulikuwa njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji na kwingineko. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika hapa Novemba 1857, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1860 yaliyotokea misafara miwili ilipokutana katika njia nyembamba. Msafara ulioongozwa na Mwarabu ulidai njia kuwa ni yake. Wapagazi wa Kinyamwezi walipokutana wenyewe kwa wenyewe pengine waligombana kwa fimbo. Na walipokuwa marafiki, viongozi wao walisogeleana kwa madaha, wakapigana vichwa kama kondoo dume, na wenzao wakafuata mfano huo mpaka wote wakaishia kucheka. Hata hivyo, baada ya kicheko, msafara ulio dhaifu ndio uliopisha, tena ukatoa zawadi ndogo.

Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya njia: mwenye nguvu hupita, mnyonge hukaa kando. Wapagazi waliweza kuimaliza kwa kicheko kwa sababu wote walikuwa watu wa miguu, na kichwa kikigonga kichwa wote wawili huona maumivu. Lori likigonga baiskeli, ni mmoja tu aumiaye.

Ni jambo la kusikitisha kwamba sheria hiyo ya kale bado inatawala barabara zetu za lami. Dereva ajapo nyuma ya mpanda baiskeli hupiga honi. Honi iliwekwa kwa ajili ya kuonya, lakini wengi huipiga kwa kuamuru: toka! Nao hawafikirii kwamba mtu mwenye magunia mawili ya mkaa hawezi kutoka ghafla. Ukingo wa lami mahali pengi umeliwa na mvua, na chini yake pana kishimo na mchanga. Gurudumu likishuka pale, mzigo humvuta mtu upande. Akianguka kulia, ataangukia mbele ya gari. Akianguka kushoto, atapoteza mzigo ambao ndio chakula cha nyumbani kwake. Hivyo huking'ang'ania kipande chake cha lami, naye dereva hudhani kwamba ni mkaidi.

Mwendo nao ni jambo lisilobishaniwa. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 katika sekunde moja. Liendalo kilomita 50 hupita mita 14. Maana yake ni kwamba dereva wa kwanza, kabla hata mguu wake haujagusa breki, amekwisha kumaliza nafasi ambayo ingemwokoa mtu. Tena nguvu ya kishindo haiongezeki sawa na mwendo. Gari la kilomita 80 hugonga kwa nguvu ya zaidi ya mara mbili na nusu ya lile la kilomita 50. Ndiyo sababu Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika sehemu zenye makazi ya watu. Kikomo hicho hakikuwekwa ili kuwaudhi madereva wala kuwapa trafiki mahali pa kusimama.

Lakini haki hudai tusikilize na upande wa pili. Madereva husema kwamba wapanda baiskeli hutembea usiku bila taa. Ni kweli. Husema kwamba huenda wawili wawili wakizungumza katikati ya barabara, hukata kona bila kuonyesha mkono, hubeba mizigo mipana kuliko baiskeli yenyewe, na wengine hupanda hali wamelewa. Yote haya tumeyaona, wala hatuyatetei. Mtu apandaye baiskeli usiku bila taa mbele na rifleksi nyuma hajitendei haki mwenyewe, wala hamtendei haki dereva ambaye atabeba kifo chake moyoni maisha yote. Rifleksi ni kitu cha bei ndogo, na kitambaa cheupe mgongoni ni bora kuliko giza tupu. Tena mpanda baiskeli naye ni mwenye nguvu mbele ya mama aendaye kwa miguu na mtoto mgongoni. Anayotaka kutendewa na lori, na amtendee huyo mama.

Hata hivyo twaomba makosa haya yapimwe katika mizani. Kosa la mpanda baiskeli humhatarisha kwanza yeye mwenyewe. Kosa la dereva humhatarisha kwanza mtu mwingine. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani katika mwaka 2021, na kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki, yaani wale wasio na bati la kuwakinga. Hatuwezi kuita hali hiyo kuwa ni ugomvi wa watu walio sawa.

Iko hoja nyingine ambayo husemwa hata na watu wenye elimu: kwamba mwenye gari hulipa tozo ya mafuta iingiayo katika Mfuko wa Barabara, hali mpanda baiskeli halipi kitu, basi na awe mgeni mpole. Hoja hii haina msingi. Mchuuzi wa mkaa hununua sukari, sabuni na unga vilivyoletwa kwa malori, na tozo ya mafuta imo ndani ya bei ya kila kimoja. Zaidi ya hayo, baiskeli haivunji lami. Wahandisi walikwisha kuthibitisha, kwa majaribio yaliyofanywa Marekani kati ya mwaka 1958 na 1960, kwamba mzigo ulio juu ya ekseli ukiongezeka mara mbili, uharibifu wa barabara huongezeka yapata mara 16. Tukitaka kuwadai watu kwa kadiri ya wanavyoiharibu barabara, mpanda baiskeli hatadaiwa hata senti moja. Na wazee wa Tabora waweza kutukumbusha kwamba njia za nchi hii zilichongwa kwanza na nyayo za wapagazi.

Basi lifanyike nini? Kwanza twawageukia wajengaji. Mkoa huu umepata lami nyingi katika miaka ya karibuni. Barabara ya Nyahua hadi Chaya, yenye kilomita 85.4, ilifunguliwa mwaka 2022, na kwa kazi kama hizo sisi tumeshukuru na tunaendelea kushukuru. Lakini lami nzuri isiyo na nafasi ya baiskeli huongeza mwendo wa magari bila kumwongezea usalama mtu wa Ntalikwa. Twaomba barabara zote ziingiazo mjini ziwe na bega pana lililotiwa lami, lisilo na kishimo ukingoni, nalo lifagiliwe mchanga. Karibu na shule, masoko na zahanati, matuta yawekwe na alama zipakwe rangi upya zinapofutika. Jijini Dar es Salaam njia za baiskeli zilijengwa pamoja na barabara ya mabasi yaendayo haraka, ambayo ilianza kazi mwaka 2016. Ikiwa yawezekana huko penye msongamano, yawezekana vipi isifanyike hapa penye nafasi tele?

Pili, twawaambia askari wa usalama barabarani kwamba mnyonge ndiye anayewahitaji zaidi. Kumkamata mpanda baiskeli asiye na breki ni kazi rahisi, kwa kuwa hawezi kukimbia wala hana wa kumpigia simu. Kulisimamisha gari la mkubwa lipitalo kijijini kwa kasi ndiko kunakoonyesha kwamba sheria ni moja. Zamani hongo lilikuwa ni jina la ushuru ambao misafara iliwalipa watemi ili iruhusiwe kupita. Isiwe kwamba leo mwenye gari anapita kwa hongo ya namna nyingine.

Tatu, na hapa twasema na wenzetu wa ndani, wapo viongozi na watumishi waliopewa magari ya kazi kwa fedha za umma. Gari hilo ni chombo cha kumfikia mwananchi haraka. Lisiwe chombo cha kumsukumia mtaroni. Mwanachama anayekwenda mkutanoni kuhutubia juu ya utu, naye njiani amemtimulia vumbi mzee wa baiskeli mpaka akashuka kando, amekwisha kuiharibu hotuba yake kabla hajaanza. Dereva wake akipita kwa mwendo wa pole, na kuacha nafasi ya kutosha kati ya gari na baiskeli, amehutubia vizuri zaidi kuliko yeye.

Haya tuyasemayo si ndoto. Nchi ya Uholanzi, ambayo leo inasifiwa kwa baiskeli, mwaka 1971 ilipoteza watu wapatao 3,300 barabarani, na kati yao watoto walizidi 400. Wazazi waliandamana, nayo serikali ikabadili namna ya kujenga barabara. Uingereza nayo, Januari 2022, iliandika katika kanuni zake za barabarani kwamba wale wawezao kuleta madhara makubwa zaidi ndio wenye wajibu mkubwa zaidi wa kupunguza hatari. Sisi hatukuhitaji kungoja Waingereza watufundishe jambo hilo. Katika mila zetu, mtu akikutana njiani na mwenye mzigo kichwani, yule asiye na mzigo ndiye hupisha, tena humpa pole.

Pole hiyo ndiyo tunayoitaka irudi barabarani. Dereva anayeketi kitini, mguu wake ukifanya kazi ndogo ya kukanyaga pedali, na akumbuke kwamba aliye mbele yake anausukuma mzigo kwa misuli na jasho, na kwamba jioni wapo watoto wanaomngoja kama walivyo watoto wanaomngoja yeye. Kupunguza mwendo kutampotezea dakika moja. Kutokupunguza kwaweza kuwapotezea watu hao miaka yote.

Kwa hiyo twasema wazi: barabara ni mali ya wote, nayo hutumika kwa haki pale tu mwenye nguvu anapokubali kuwa wa kwanza kupisha. Mwenye baiskeli awashe taa yake na kushika kushoto. Mwenye gari apunguze mwendo na kumwachia nafasi. Mjenga barabara amwekee njia. Haraka haraka haina baraka, na ajali haina kinga kwa mwenye kuitafuta.