Kwikwi ya mashine
Mashine yangu ya kufyonza vumbi, ile isiyo na waya, ilianza kwikwi Jumamosi: inanguruma, inazima, inanguruma tena. Jirani yangu hapa London akanishauri ninunue nyingine. Sisi tuliokulia jirani na mafundi redio hatutupi kitu kabla ya kukichunguza. Kwikwi ya namna hiyo mara nyingi si ugonjwa wa umeme. Chujio limeziba, mota inakosa pumzi. Nikalifua, nikalianika siku nzima (jua la huku mnalijua), kwikwi ikaisha. Ingegoma kuwaka kabisa, ningepima chaja kwa mita, kisha betri. Ndani ya betri mna seli za lithiamu, aghalabu sita au saba, zinazolindwa na bodi ndogo ya saketi. Seli moja ikichoka, bodi hukata umeme wote. Hizo msizichokonoe kwa bisibisi, zikitoboka huwaka moto. Afadhali mashine ipelekwe kwa Restart Project, wanaokutanisha wenye vitu vibovu na mafundi wa kujitolea. Kinachoniudhi ni kanuni za Uingereza za 2021: ziliwabana watengenezaji wa friji na mashine za kufulia watoe vipuri, kifyonza vumbi hakimo.