Udogo wa Ndoana si Unyonge

Aghalabu wavuvi wa mshipi wasimamao kwenye miamba ya pwani yetu hudhani kuwa ndoana kubwa ndiyo yenye nguvu. Hasha! Kikande ana kinywa kidogo na meno yavunjayo kaa. Ndoana kubwa haimwingii. Ndogo ya waya mwembamba hunyooka pindi akimbiliapo mwanya wa mwamba na kujikaza kwa mwiba wa mgongoni. Mvuvi hukosa kitoweo, samaki naye huenda na jeraha. Ifaayo ni ndoana ndogo, nene, ya chuma kigumu. Walimu wa fizikia, wapeni wanafunzi jaribio hili: chuma cha unene ule ule, tao lake likipanuliwa, hukunjuka kwa wepesi zaidi.