Stendi ya grainda si uchawi, ipimeni kwanza!

Kuna maneno nimechoka kuyasikia hapa Garissa: "Mafundi wetu wa jua kali hawana mkono." Mlango wa chuma ukikataa kufunga, fundi hana mkono. Stendi ya tangi la maji ikiyumba, fundi hana mkono. Kisha kazi inayofuata inapelekwa Nairobi, zaidi ya kilomita 350 kutoka hapa, na vijana wetu wanabaki wamekaa kibandani.

Jamani, tufanye hesabu. Fremu ya dirisha ina kona nne, na kila kona ina mikato miwili ya digrii 45. Kila mkato ukizidi kwa digrii moja tu, jumla ni digrii nane. Fremu haifungi! Fundi anajaza pengo kwa kuchomelea, mshono ukipoa unavuta chuma, fremu inazidi kupinda. Ni nani anayeweza kushika grainda hewani na kurudia digrii 45 mara nane? Basi tuache kulaumu mkono.

Wengine wanasema dawa ni kununua stendi ya grainda. Hiyo ni nusu ya ukweli. Stendi nyingi za bei nafuu hucheza kwenye kiungo, na alama za digrii kwenye kitako si za kutegemewa. Ukianza kukata bila kupima, utarudia kosa lile lile kila mkato. Sisi waandika programu tunajua: programu isiyojaribiwa haiaminiki, hata iwe imeandikwa na profesa. Na stendi ni hivyo hivyo.

Haya, twende kazi. Chomoa plagi. Funga stendi kwa bolti kwenye meza nzito. Tikisa mkono wake. Ukicheza, kaza bolti ya kiungo au ongeza washa. Simamisha skwea kwenye kitako, iguse diski. Diski ikiwa imelala upande, weka kipande chembamba cha bati pale grainda inapofungwa. Kisha panga egemeo la bomba kwa kupima kutoka kwenye diski yenyewe, si kwa alama za kiwandani.

Sasa vaa miwani, bana bomba la mraba, kata. Laza vipande viwili kando ya kitu kilichonyooka, pindua kimoja juu chini, vikutanishe. Pengo unaloliona ni kosa lako mara mbili. Rekebisha, kata tena, mpaka mwanga usipite. Kwa digrii 45, unganisha vipande viwili na upime kona kwa skwea. Ukipata, toboa tundu la pini ili egemeo lirudi palepale kila siku.

Na kinga ya diski isiguswe! Wapo wanaoiondoa ili diski ya milimita 230 iingie kwenye grainda ya milimita 115. Grainda hiyo ndogo huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Kikomo cha kawaida cha diski hiyo kubwa ni kama 6,600. Huo si ujanja, ni bomu mbele ya uso wako.

Najua nitajibiwa kwamba mchagua jembe si mkulima. Sawa, lakini hata mkulima huangalia kama mpini umekaza kabla ya kuingia shambani. Mteja, kabla ya kupeleka kazi Nairobi, mwambie fundi wa hapa akuonyeshe vile vipande viwili. Visipoacha pengo, mpe kazi!