MTEJA YUPO, MHUDUMU HAPATIKANI!

Nina donge rohoni, na leo nitalitema papa hapa katika jarida la chama chetu.

Ile sauti ya kike inayotwambia kuwa mteja hapatikani kwa sasa sote tunaijua. Hata tumeifanyia msemo: "Nimempigia mara tatu, bado ni mteja!" Sasa mimi nauliza: mteja akipatikana, tena akipiga simu yeye mwenyewe kuomba msaada, mbona mhudumu ndiye anayekuwa "mteja"?

Likizo ya Aprili nilikwenda kumwamkia nyanya yangu karibu na Malava, Kaunti ya Kakamega. Kabla sijamaliza chai, alinisukumia simu yake, ile kabambe yenye tochi. "Mjukuu wangu, wewe ndiye msomi. Hebu itazame hii. Kila nikiitilia pesa, inazila."

Nikaitazama. Lo! Kila asubuhi shilingi 10 zilikuwa zikikatwa, na malipo yake ni ujumbe kwa Kiingereza wenye matokeo ya kandanda ya Uingereza! Nyanya huyu hajui mpira mwingine ila ule wa matambara unaomvunjia miche ya mboga. Labda siku moja alibonyeza kitufe akidhani anafuta ujumbe. Labda hakubonyeza chochote. Ninalojua ni kwamba hakuna aliyemwuliza kwa lugha anayoielewa, naye akajibu "ndiyo".

Shilingi 10 kwa siku ni shilingi 300 kwa mwezi. Mwenye mshahara atacheka. Nyanya huuza sukuma wiki, fungu shilingi 20. Yaani kila siku mbili fungu zima linaliwa na mtu asiyejulikana. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki hakikuwa cha nyanya.

Tena si pesa tu. Usiku mmoja mwezi wa Machi alibanwa na pumu. Alitaka kumpigia shangazi anayekaa ng'ambo ya mto. Salio la shilingi 20 aliloweka juzi yake lilikuwa limekwisha. Utasema, mbona asitume ule ujumbe wa bure wa kuomba apigiwe? Aliutuma. Lakini aliyelala fofofo hasomi ujumbe. Huamshwa na mlio wa simu. Nyanya aliketi kitandani akihema mpaka jogoo alipowika. Aliponisimulia hayo alikuwa akicheka. Mimi sikucheka.

Basi tukaipigia kampuni ile. Mashine ikatukaribisha, ikasema simu yetu ni muhimu sana kwao, kisha ikatuwekea muziki. Tulisubiri dakika 27 kwa saa ya ukutani. Kumbe ukiwa muhimu ndivyo unavyongojeshwa! Mwishowe akaja kijana mmoja, akataka aongee na mwenye laini. Tulikuwa tumechagua Kiswahili tangu mwanzo, lakini maswali yake yalikuwa nusu Kiingereza. Nyanya akasema, "Mwanangu, sema polepole na useme Kiswahili." Simu ikakatika.

Mara ya pili tukampata binti mwingine. Yule wa kwanza hakuwa ameandika lolote, kwa hivyo tukaanza upya: jina, nambari ya kitambulisho, hadithi nzima ya mpira. Akatwambia dawa ni rahisi, nyanya atume neno STOP kwa nambari fulani. Nyanya akaniuliza, "Na nikiwaandikia 'komeni' hawataelewa?" Wapenzi wa Kiswahili, swali hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Tulituma. Kesho yake shilingi 10 zikakatwa kama kawaida. Mara ya tatu tukaahidiwa kuwa jambo letu litashughulikiwa katika saa 72. Baada ya dakika moja ukaja ujumbe, kwa Kiingereza, ukituomba tuwape alama kutoka 0 hadi 10. Hao ndio waliokuwa na haraka!

Sisemi wahudumu wale ni wabaya. Ni vijana kama kaka na dada zetu, na huenda nao wana msimamizi anayewahesabia dakika. Kosa ni la mpango wenyewe. Kukukata pesa kunafanywa na mtambo, bila usingizi wala likizo. Kukurudishia kunahitaji upige simu, ungoje, ujieleze mara tatu na ubembeleze.

Tena hatuombi hisani. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata huduma za ubora unaofaa, kupewa habari anazohitaji ili azifaidi, na kufidiwa akipata hasara. Mwaka wa 2012 ikaja na Sheria ya Kuwalinda Watumiaji. Kifungu cha 7 cha Katiba hiyo hiyo nacho kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Je, habari niliyopewa kwa lugha nisiyoijua ni habari au ni kelele?

Wengine wataniambia, "Si ahamie kampuni nyingine tu?" Ni kweli, tangu mwaka wa 2011 mtu anaweza kuhama na nambari yake. Lakini tangu pesa zianze kutumwa kwa simu hapa nchini mwaka wa 2007, laini imekuwa benki ya maskini. Akiba ya nyanya imo humo. Mtu hahami nyumba kwa sababu mlinzi anamwibia. Humtaka mlinzi aache wizi.

Kwa maoni yangu, makampuni ya simu yafanye mambo matatu. Kwanza, huduma ya kulipia isianze kabla mteja hajakubali kwa lugha aliyoichagua. Pili, malalamiko yapewe nambari, ili mhudumu wa pili aanzie alipoishia wa kwanza. Tatu, pesa zilizokatwa bila idhini zirudi upesi kama zilivyotoka.

Nasi wanachama tusikae tukilaumu tu. Likizo hii shika simu ya babu au nyanya yako, umsomee ujumbe wote. Mkipiga simu kulalamika, andika tarehe, saa na mlichoambiwa. Kampuni ikiwapuuza, pelekeni malalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Ndivyo tulivyoanza kuandaa barua yetu, kwa Kiswahili sanifu, na siku ya nne shilingi 10 zikaacha kukatwa. Zile za nyuma hazijarudi hadi leo. Barua imekwenda.

Nyanya ananiuliza kila juma kama wamejibu. Namwambia bado. Naye hunijibu, "Basi mjukuu wangu, hao nao ni mteja."