Siku ya Msiba wa Ndugu

Katika Agano la Kale hakuna kitabu kifupi kuliko cha nabii Obadia. Kina sura moja yenye aya 21 tu, na msomaji aweza kukimaliza kabla chai yake haijapoa. Kwa ufupi wake, wengi hukiruka. Lakini kwa Mkristo wa Nyakarenzo, au wa kata nyingine yoyote ya Wilaya ya Rusizi, ni vitabu vichache vinavyoyagusa maisha ya nchi yake kwa karibu kiasi hicho.

Obadia anasema na Waedomu, uzao wa Esau, ndugu pacha wa Yakobo. Walikaa katika majabali ya kusini-mashariki ya Bahari ya Chumvi, nchi ambayo leo imo katika Yordani, nao walijivunia usalama wa milima yao. Mwaka 586 kabla ya Kristo, jeshi la Babeli liliuangusha Yerusalemu, mji wa wana wa Yakobo. Wataalamu wengi wa Biblia huona kwamba hiyo ndiyo siku anayoitaja nabii.

Yafaa kuangalia jinsi anavyoihesabu hatia ya Edomu. Haanzi na upanga. Kwanza, ndugu alisimama kando akitazama. Kisha akaufurahia msiba. Baadaye akaingia mjini kuchukua mali. Mwisho akasimama penye njia panda, akawazuia waliokuwa wakikimbia na kuwatia mikononi mwa adui. Ni ngazi, na kidato chake cha kwanza ni kunyamaza.

Ngazi hiyo ilipandwa katika eneo la Cyangugu mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Vizuizi viliwekwa barabarani, na walioutafuta mpaka ili wavuke kwenda Bukavu walirudishwa au wakauawa. Tarehe 29 na 30 Aprili, waliokimbilia parokia za Shangi na Mibirizi walishambuliwa. Mwaka 2010, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilimhukumu Yussuf Munyakazi wa Bugarama kifungo cha miaka 25 kwa mashambulio hayo mawili, na mwaka 2011 rufaa ikaithibitisha hukumu. Wengi miongoni mwa waliouawa na waliowaua walikuwa wamebatizwa. Ndiyo maana Novemba 2016 maaskofu Wakatoliki wa Rwanda waliomba msamaha kwa ajili ya Wakristo walioshiriki.

Hata hivyo, njia panda si lazima iwe mahali pa kifo. Katika mwaka huohuo, maelfu ya Watutsi walikuwa katika kambi ya Nyarushishi, papo hapo Cyangugu. Luteni Kanali Innocent Bavugamenshi, aliyewaongoza askari wa jendarmeri katika eneo hilo, aliwaweka askari wake kuilinda kambi dhidi ya wanamgambo. Majeshi ya Ufaransa yalipofika mwishoni mwa Juni, maelfu hao walikuwa wangali hai. Sare zilikuwa zile zile, na bunduki zile zile. Kilichotofautiana ni upande ambao askari aliugeuzia uso wake.

Nabii anasema pia kwamba aliyotenda mtu yatamrudia kichwani pake. Wako wanaoyasoma maneno hayo kama ruhusa ya kulipiza kisasi. Mkristo hayasomi hivyo. Obadia anaikabidhi hukumu kwa Mungu, na aya yake ya mwisho inautaja ufalme kuwa ni wa Bwana. Hapa duniani, kosa hupelekwa mbele ya sheria, kama zilivyofanya mahakama za gacaca hadi zilipofungwa mwaka 2012. Jirani hana haki ya kumhukumu mwana kwa kosa la baba yake.

Kristo naye alitoa fundisho lililo karibu na hilo katika mfano wa Msamaria Mwema. Kuhani na Mlawi hawakumpiga yule msafiri. Walipita upande wa pili tu. Lakini hawakuwa jirani zake. Aliyekuwa jirani ni yule aliyesimama, akafunga majeraha na kulipa gharama.

Mafundisho haya huanzia nyumbani, mbele ya sahani ya maharagwe. Mtoto anayesikia wazazi wake wakicheka nyumba ya jirani ilipoungua amekwisha kukanyaga kidato cha pili. Mtoto anayetumwa kupeleka maji na blanketi kwenye nyumba hiyo amejifunza njia nyingine. Naye askari au polisi anayepangwa zamu barabarani usiku, akimwona mtu anakuja mbio, ana swali moja la kujiuliza kabla ya yote: mtu huyu anakimbia nini, na nani atamlinda kama si mimi? Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Obadia anaongeza kwamba asiyekufaa siku hiyo, ingawa ni ndugu wa damu, ameandikwa pamoja na adui.