Watoto mahututi wasisahauliwe katika maandalizi ya milipuko

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya jambo lisilozungumzwa sana: maandalizi ya wodi za watoto mahututi kabla ugonjwa wa mlipuko haujatufikia.

Katika janga la UVIKO-19 lililoanza kuenea duniani mwaka 2020, watoto wengi hawakuugua vikali kama wazee wao. Kwa ajili hiyo baadhi yetu hudhani kwamba milipuko ni shida ya watu wazima. Mawazo hayo ni ya hatari, na sababu zangu ni mbili.

Kwanza, kila ugonjwa huchagua wake. Mwaka 1952 polio iliushambulia mji wa Copenhagen, Denmark, na wengi wa wagonjwa walikuwa watoto. Hospitali ya Blegdam ilikuwa na mashine kubwa ya kupumulia moja tu. Katika majuma matatu ya mwanzo wagonjwa 31 walishindwa kupumua, na 27 kati yao wakafa. Ndipo Dakta Bjørn Ibsen, mtaalamu wa dawa za usingizi, aliposhauri msichana wa miaka 12 atobolewe koo na kusukumiwa hewa kwa mfuko wa mpira unaobinywa kwa mkono. Msichana huyo aliokoka. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 wakabinya mifuko hiyo kwa zamu, usiku na mchana, na vifo vikapungua sana. Mashine hazikuongezeka kwa siku moja. Walioongezeka ni watu waliojua la kufanya.

Pili, hata ugonjwa ukiwaacha watoto, vitanda vyao huchukuliwa. Mwaka 2020, katika miji kama New York na London, baadhi ya wodi za watoto mahututi zilipokea watu wazima. Haikuwa kosa, kwani maisha yaliokolewa. Lakini mwaka 2022 virusi vya RSV, vinavyoumiza mapafu ya vichanga, vilijaza hospitali za watoto za Marekani na Kanada, na wauguzi hawakutosha. Kitanda kilichoazimwa lazima kiwe na mpango wa kurudishwa.

Nasi tusiseme hayo ni ya ng'ambo. Ugonjwa wa Marburg ulizuka mkoani Kagera mwaka 2023, na tena mwaka 2025.

Ndugu Mhariri, kununua mashine peke yake si maandalizi. Mpira wa kupumulia wa mtu mzima hauingii katika koo la mtoto wa miaka miwili. Dawa yake hupimwa kwa uzito wake. Hata kipimo cha oksijeni cha kidoleni hakimfai kichanga kama kimetengenezwa kwa mtu mzima. Muuguzi asiyefundishwa mambo hayo mapema hawezi kuyajifunza wodi ikiwa imeshafurika.

Kwa hiyo nashauri haya. Kila hospitali yenye wodi hiyo iweke akiba ya vifaa vya saizi za watoto. Wauguzi wa wodi nyingine wafundishwe sasa, na wafanyiwe mazoezi kila mwaka. Wauguzi wa watoto wasihamishwe wakati wa mlipuko bila wa kushika nafasi zao.

Tena, maandalizi yasiishie mjini. Mtoto wa huku kijijini akizidiwa huanzia zahanati, akapelekwa kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, ndipo afike hospitali kubwa. Akikosa oksijeni njiani, kitanda kizuri kinachomngoja hakitamfaa kitu. Wala oksijeni hiyo haitakaa bure mlipuko usipotokea, maana duniani nimonia huua watoto wa chini ya miaka mitano wengi kuliko ugonjwa mwingine wowote wa kuambukiza.

Akiba haiozi. Naiomba Wizara inayohusika ilitazame jambo hili wakati bado kuna utulivu.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Iramba, Singida.